Kontua ya kelele: ramani inayosema mtaa wenu umetulia

Kila aliyesoma jiografia sekondari anaijua kontua: mstari wa ramani unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Kontua ya kelele hufanya kazi hiyohiyo, ila badala ya mita za mwinuko huwekwa desibeli za ndege. Uwanja wenye njia moja ya kurukia hutoa umbo kama mtumbwi: mrefu, mwembamba, umechongoka tezi na omo, na njia ya kurukia imelala katikati.

Mtumbwi huo una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana. Waliomo ndani wanaweza kulipiwa madirisha mazito, huenda shule mpya zisiruhusiwe kujengwa hapo, na malalamiko yao yanapokewa kwa uzito. Walioko nje huandikiwa barua ya heshima kwamba eneo lao haliathiriki. Halafu watu wa uwanja wanashangaa kwa nini malalamiko mengi yanatoka nje ya mstari. Wakazi hawazushi. Mstari unapima kitu kimoja, wao wanasikia kingine.

Kontua huchorwa na programu ya kompyuta. Inalishwa aina za ndege, idadi yake, njia zinazofuatwa angani, saa za kuruka na kutua, na mgawanyo wa upepo. Maikrofoni zilizofungwa mitaani hutumika zaidi kuhakiki kama programu haidanganyi. Kinachotoka ni wastani wa kipindi kirefu: Uingereza huchukua saa 16 za mchana, kuanzia 07:00 hadi 23:00, na kuzitafutia wastani wa siku 92 za kiangazi, kuanzia 16 Juni hadi 15 Septemba. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, hutumia kipimo kiitwacho Lden: wastani wa mwaka mzima ambamo kelele za jioni huongezewa desibeli 5 na za usiku 10. Kwa hesabu hiyo ndege moja ya usiku ina uzito wa ndege kumi za mchana.

Sasa hesabu yenyewe, maana uchawi wote umo humu. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Nishati ya sauti ikiwa mara mbili, desibeli huongezeka 3 tu. Ikiwa mara kumi, 10. Ndege ikipita, nishati yote ya mpito wake hukusanywa kana kwamba imetoka ndani ya sekunde moja, na jawabu huitwa SEL. Ndege ya abiria ambayo kilele chake mtaani kwako ni desibeli 75 huwa na SEL ya karibu 85. Saa 16 zina sekunde 57,600. Ndege 100 za aina hiyo zikitandazwa juu ya sekunde zote hizo, wastani ni desibeli 57.4.

Ndege moja tu kwa siku yenye SEL 105, kisha kimya hadi kesho, nayo hutoa 57.4. Ndege 200 zenye SEL 82 hutoa 57.4 pia. Kwenye ramani mitaa hiyo mitatu ni sawa kabisa. Katika mtaa wa kwanza ndege hupita kila baada ya dakika kumi hivi, na mwalimu anakatiza somo. Katika wa pili watu wanashtuka mara moja na kusahau. Katika wa tatu mpito unakuja kila dakika tano mchana kutwa, na hakuna mazungumzo ya simu yanayofika mwisho. Ndiyo sababu uwanja unaweza kusema kweli kwamba ndege mpya ni tulivu zaidi na kontua haijakua, na mkazi akasema kweli kwamba hali imekuwa mbaya. Ndege zikipungua sauti kwa desibeli 3 na idadi ikiongezeka mara mbili, mstari hausogei hata hatua.

Upepo unaongeza utata. Ndege huruka na kutua zikiuelekea, hivyo upande wa matumizi hubadilika. Heathrow, London, upepo wa magharibi hutawala karibu asilimia 70 ya wakati na wa mashariki 30. Chukua mtaa ulio chini ya njia inayotumika asilimia 30 tu ya siku, na siku hizo unapata ile 57.4. Siku tulivu zikiingizwa kwenye wastani, inashuka hadi 52.2. Hakuna siku hata moja ambayo mtaa huo ulisikia 52.2. Ni namba ya karatasini.

Mpaka wa kero nao ni uamuzi wa watu. Uingereza kwa miaka mingi ilitumia 57 kama alama ya mwanzo wa kero kubwa. Uchunguzi wa maoni uliofanywa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba kiwango kilekile cha kero sasa kinafikiwa kwenye 54. Marekani mstari rasmi ni 65, kwa kipimo chao chenye nyongeza ya 10 ya usiku lakini bila ya jioni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa Ulaya, lilipendekeza kelele za ndege zisizidi Lden 45, na 40 usiku. Vipimo hivi havifanani, kwa hiyo usivilinganishe namba kwa namba. Lakini ukioneshwa ramani, swali la kwanza liwe: hii ni desibeli ya aina gani, na ya kipindi gani?

Somo hili lilifundishwa kwa gharama kubwa mjini Sydney. Njia ya tatu ya kurukia ilifunguliwa Novemba 1994, baada ya wakazi kuoneshwa kontua zilizowafanya wengi waliokuwa nje ya mstari waamini kwamba hawatasikia kitu. Walisikia, na maandamano yakafuata. Mwaka 1995 sheria ya saa za kimya, 23:00 hadi 06:00, iliwekwa, na baadaye kikomo cha ndege 80 kwa saa. Kilichodumu zaidi katika taaluma ni waraka wa wizara ya uchukuzi ya Australia wa mwaka 2000, uliokubali kwamba kontua za wastani hazikuwaeleza watu kile walichohitaji kujua. Mahali pake wakapendekeza namba anayoielewa hata mtoto: N70, yaani ni ndege ngapi kwa siku zinapita zikifikia desibeli 70 au zaidi hapa nilipo.

70 haikuokotwa. Nyumba yenye dirisha wazi hupunguza sauti ya nje kwa desibeli 10 hivi, kwa hiyo 70 ya nje ni 60 sebuleni, na hapo mazungumzo au televisheni huanza kumezwa. Kwetu Pwani, ambako madirisha ni ya vioo vya kupanga au nyavu tupu na joto halikuruhusu kufunga, hesabu ya dirisha wazi ndiyo ya kweli. Vioo viwili vya kuzuia sauti, vinavyosifiwa Ulaya, havina maana bila feni au kiyoyozi, na bila dari nzito chini ya mabati.

Kwa viwanja vya ndege ndogo, kama Wilson pale Nairobi, hata 70 inaweza kuwa juu mno. Ndege ya mafunzo inayozunguka na kugusa njia kila dakika chache huenda isifike hapo mtaani, lakini ndiyo hiyohiyo inarudi asubuhi nzima. Hapo omba N60. Omba pia hesabu ya siku yenye shughuli nyingi, kando ya ile ya mwaka.

Kuna chanzo kipya cha malalamiko ambacho kontua haikionyeshi vizuri: uongozaji kwa satelaiti. Zamani ndege zilitawanyika kilomita kadhaa kulia na kushoto, kila rubani na mkono wake. Sasa zinafuata mstari mmoja kama treni. Waliokuwa wakipitiwa na chache wanapumua, na walio chini ya mstari wanazipata zote. Phoenix, Marekani, ilibadilishiwa njia za kuondokea Septemba 2014, halmashauri ya jiji ikaenda mahakamani, na Agosti 2017 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mamlaka ya anga ilikosea kwa namna ilivyozibadilisha.

Kelele za ardhini nazo mara nyingi hazimo kwenye kontua: injini inayojaribiwa baada ya matengenezo, injini ndogo ya mkiani inayoendesha umeme ndege ikiwa imeegeshwa. Usiku, hewa baridi ikilala chini ya hewa ya joto, sauti hizo hupinda kurudi ardhini na kusafiri mbali kuliko mchana. Mkazi anayesema "usiku ndege inanguruma lakini siioni ikiruka" kwa kawaida anaelezea hili. Dawa yake si kubadili njia za angani. Ni kupanga saa za majaribio na mahali pa kuegesha.

Malalamiko mengi hufa kwa sababu hayawezi kulinganishwa na rada. Andika tarehe, saa na dakika, ulipo, na kama ndege ilikuwa inaruka, inatua au inazunguka. Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24: 23:10, isiwe "saa tano na dakika kumi", maana karani akiandika 05:10 rekodi yako imeshapotea. Kumbuka kumbukumbu za anga huwekwa kwa saa za dunia. Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele kwa saa 3, kwa hiyo 23:10 yako ni 20:10 yao.

Kimo ndicho kinachowaaibisha walalamikaji zaidi. Programu za simu za kufuatilia ndege huonyesha kimo kwa kipimo cha shinikizo la hewa, karibu na usawa wa bahari, na si juu ya bati lako. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Simu ikionyesha futi 6,500, yaani mita 1,981, ndege iko mita 290 tu juu ya uwanja, na kipimo chenyewe kinaweza kupotoka futi mia mbili tatu hivi. Dar es Salaam tofauti ya mwinuko ni ndogo mno. Tena, ndege inayotua kwa pembe ya kawaida ya digrii 3 hushuka mita 52 kwa kila kilomita: ikiwa kilomita 5 kabla ya kugusa, iko mita 260 juu, na kilomita 10, mita 520. Ukilalamika kwamba ndege ya mita 260 ilikuwa chini mno mahali hapo, utajibiwa kwa sentensi moja. Ukionyesha kwamba zilipita 40 kati ya 05:00 na 07:00, jibu litahitaji kikao.

Kipimo cha sauti cha simu hakikubaliki kama ushahidi, kwa kuwa maikrofoni yake haijasawazishwa, lakini kinafaa kulinganisha siku na siku. Kiweke kwenye dBA, yaani desibeli zinazopimwa kwa kufuata sikio la binadamu, na mwendo wa polepole (Slow); simama mita 3 hadi 4 kutoka ukutani, simu ikiwa mita moja na nusu juu ya ardhi. Ukisimama karibu na ukuta, mwangwi unaweza kuongeza desibeli 3 hivi, na mtaalamu wa upande wa pili ataliona hilo kabla hujamaliza kufungua faili. Andika kilele cha kila mpito, siku saba mfululizo, pamoja na upepo ulikotoka. Kisha hesabu mipito iliyofika 70 au zaidi, ugawe kwa saba. Hiyo ndiyo N70 ya nyumba yako, na unaweza kuiweka juu ya meza kando ya ramani yao.