Ng'ari, Ngari, Ali: jina moja la Tibet linalozua makosa mengi

Vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza Mlima Kailash, ule wa mita 6,638 unaozungukwa kwa miguu na mahujaji Wahindu na Wabudha, havikubaliani uko wapi. Kimoja kinasema Ngari, kingine Ali, cha tatu mNga' ris. Vyote viko sahihi.

Dhana: Ngari na Ali ni sehemu mbili.
Ni eneo lile lile la magharibi ya Tibet, linalopakana na India na Nepal. Ngari ni jina la Kitibeti. Ali ni jina hilo hilo baada ya kupita kwenye Kichina. Uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2010 huitwa Ngari Gunsa, ilhali darubini ya wanaastronomia iliyojengwa kwenye milima ya huko huitwa AliCPT. Mtaalamu anatua Ngari, anafanya kazi Ali, na hajatoka eneo hilo. Isitoshe, wasafiri wameuzoesha mji mkuu wa eneo hilo jina la Ali, wakati jina lake la Kichina ni Shiquanhe.

Dhana: Ali hapo ni jina la Kiislamu.
Hapana. Kichina sanifu hakina silabi inayoanza na ng', kwa hiyo waandishi wake walichukua alama mbili zenye sauti ya karibu: a na li. Alama hizo hizo ndizo huandika jina la bondia Muhammad Ali.

Dhana: Ngari husomwa kama ngazi.
Hapa Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Sauti ya mwanzo ni ile ya ng'ombe na ng'ambo. Kwa Kiingereza sauti hiyo haianzi neno, na maandishi yao hayana ritifaa ya kututahadharisha. Ndiyo maana Waingereza wa karne ya 19 waliandika Nari, wakaiacha g njiani. Tungeandika wenyewe tungeweka Ng'ari, tukawa karibu zaidi na Watibeti kuliko ramani nyingi za London. (Mkikuyu anayemwona chui katika neno hilo, na kijana wa Nairobi anayeona gari, wote wawili wamepotea.)

Dhana: mNga' ris ni kosa la uchapaji.
Huo ni mtindo wa Wylie, mtaalamu Mmarekani wa Kitibeti, uliotangazwa mwaka 1959, unaonakili herufi za Kitibeti moja baada ya nyingine kwa herufi za Kilatini bila kujali matamshi. M ya mwanzo na s ya mwisho zimeandikwa, ila Lhasa, mji mkuu wa Tibet, hazitamkwi.

Dhana: kitabu kinachoweka Ladakh ndani ya Ngari kimekosea.
Inategemea kinazungumzia enzi gani. Zamani palikuwa na Ngari Korsum, yaani sehemu tatu za Ngari, na Ladakh ilihesabiwa humo. Leo Ladakh iko chini ya India, na Ngari ya kiutawala ina wilaya saba tu.

Na hizo wilaya nazo zina mkanganyiko wao. Iliyo jirani na Nepal huandikwa Purang kwa kufuata matamshi, Burang kwa tahajia rasmi ya Kitibeti ya serikali ya China, na Pulan kwa Kichina. Mji wake, mahujaji kutoka India wanaokwenda Kailash wanaujua kwa jina la Taklakot.