Kukiri Neno na kunena kwa lugha: kila kimoja na mahali pake

Ukiwauliza waombaji wa mkesha kukiri ni nini, wengi watakujibu kwamba ni kutamka unachokitaka mpaka kitokee. Mambo huanza kuharibika hapo. Kukiri ni kukubaliana kwa kinywa na jambo ambalo Mungu ameshalisema. Ndiyo maana Warumi 10:10 inataja moyo na kinywa pamoja, na mistari michache baadaye Paulo anaeleza imani inakotoka: inatokana na kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo. Asiyesoma Neno hana cha kukiri. Atakachotamka ni matamanio yake, hata akipaza sauti usiku kucha.

Chukua Wafilipi 4:19, andiko linalokiriwa sana msimu wa ada za shule. Mungu wangu atanijaza kila ninachokihitaji. Ni ahadi kweli, na ni yetu. Lakini anzia mstari wa 15. Paulo anawaandikia watu waliomtumia msaada alipokuwa Thesalonike, tena zaidi ya mara moja, na safari hii wamemtuma Epafrodito na vitu vingine. Ahadi ile ilitolewa kwa watu wenye mkono uliokunjuliwa. Tena inahusu mahitaji. Kwa hiyo ukiri wake, ukiuandika kwenye daftari, utakuwa hivi: "Baba, umesema utanijaza kila ninachokihitaji. Nahitaji ada ya mwanangu kufikia Januari. Nakuamini, na sitamfungia mkono mwenzangu mwenye shida." Unatosha huo. Ukiri wa kurasa mbili, wenye maandiko 30 yaliyochomolewa huku na huku, huishia kusomwa kama orodha ya mahudhurio darasani.

Kukiri hakumlazimishi mtu kukana hali yake. Warumi 4:19 inasema Ibrahimu alifikiri hali ya mwili wake, uliokuwa kama umekufa, wala hakuwa dhaifu wa imani. Aliiona hali, akaiamini ahadi. Vipimo vikionyesha kifua kikuu, sema ni kifua kikuu, meza dozi yote, ambayo kwa kawaida ni miezi sita, na kila asubuhi kiri uponyaji wako. Ukiikatisha dozi katikati, vimelea vilivyobaki vinaweza kujenga usugu, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu. ARV na insulini nazo usizikatishe. Mtumishi anayemwagiza mgonjwa atupe dawa ili "aonyeshe imani" anamweka mtu hatarini, na hana andiko la kusimamia.

Kunena kwa lugha, yaani kuomba kwa maneno ambayo mwombaji mwenyewe hayaelewi, akiamini anajaliwa na Roho Mtakatifu, ni jambo jingine. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 14:14 kwamba akiomba kwa lugha roho yake huomba, lakini akili zake hazina matunda. Mwaka 2006 watafiti wa University of Pennsylvania, akiwemo Andrew Newberg, walichapisha picha za ubongo za wanawake watano waliochunguzwa wakinena kwa lugha. Waliona kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hushughulika sana mtu anapojitawala kwa makusudi, ilipunguza kazi. Utafiti wa watu watano ni mdogo, na hauthibitishi chanzo cha maneno yale, ila unakwenda sambamba na alichosema Paulo.

Kwa kuwa akili inapumzika, mimi hushauri Neno litangulie. Ukiwa na saa moja alfajiri, tumia dakika kumi na tano za kwanza kusoma kifungu kimoja kwa sauti na kukiri ahadi moja iliyomo. Kisha omba kwa lugha nusu saa, kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo, maana koo halina upako wa ziada ukilipigia kelele. Halafu nyamaza kidogo, uombe kufasiri kama mstari wa 13 unavyoagiza, uandike lililokujia. Malizia kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani, ukitaja watu kwa majina. Usiiruke sehemu hii ya mwisho. Anayeomba kwa lugha peke yake mwezi hadi mwezi hujikuta hajui amemwombea nani, na akiitwa kwa mgonjwa hana maneno.

Kwa anayetamani kuanza, Matendo 2:4 inatosha: wao walianza kusema, na Roho akawajalia kutamka. Kinywa ni cha mtu. Wapo wanaokaa midomo imefungwa wakingoja ulimi uchezeshwe kwa nguvu, nao husubiri sana. Kosa baya zaidi ni la wahudumu: "rudia baada yangu", au "sema haleluya harakaharaka" mpaka ulimi utatizike, kisha mtu atangaziwe kwamba amejazwa. Hakuna mahali katika Matendo ambapo mtu alifundishwa sauti. Ukimwekea mikono, usimsukume wala kumtikisa. Asiponena siku hiyo, mwache aende kwa amani, aendelee kuomba nyumbani.

Kwenye ibada sheria hubadilika. Wawili au watatu, zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo wa kufasiri, mtu aseme na nafsi yake na Mungu (1 Wakorintho 14:27-28). Kusanyiko zima kuomba kwa lugha kwa pamoja ni suala ambalo makanisa hayakubaliani. Mimi naona linafaa kwenye maombi ya waamini wenyewe, ila si kwenye ibada yenye wageni, kwa sababu mstari wa 23 umeshataja watakavyotuona: wenye wazimu. Kiongozi mwenye maikrofoni ahusike hasa hapa. Anapotaka kuomba kwa lugha, aishushe. Anapoongoza watu, aseme maneno wanayoweza kuitikia "Amina".

Na tafsiri inapotolewa, isipokelewe kwa kuwa tu imetetemesha watu. Wazee waipime kwa Maandiko. Ikitaja jina la mtu wa kuoana naye, kiasi cha sadaka, au mchawi aliyeko ukoo fulani, waisimamishe palepale, na wawaeleze washirika kwa nini wameisimamisha kabla ibada haijaendelea.