Kuweka mipaka kazini si roho mbaya

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya Mbeya na Iringa: kazini ni familia, anayekataa kubeba shida za mwenzake hana ushirikiano na anaweza kufukuzwa. Si kweli.

Fungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ili kumfukuza mtu, mwajiri lazima awe na sababu halali: mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake au kuendana kwake na wenzake, ama mahitaji ya uendeshaji. Huenda hilo la kuendana ndilo linalowachanganya watu. Lakini linahusu uhusiano mbaya unaoathiri kazi, na hata hapo mtu huonywa kwanza, apewe nafasi ya kujirekebisha. Kutopokea simu ya habari za ndoa ya mwenzako saa nne usiku ni jambo jingine kabisa.

Tena huku kwetu msiba wa mmoja ni wa wote. Daftari la mchango huzunguka chai haijapoa. Hayo yabaki. Ila kusema, "Pole dada, leo nimechoka, tuongee kesho mchana," si kumtupa mtu. Anayesikiliza kila kitu (nimeyaona) huishia kumkwepa mwenzake koridoni.

Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Mjibu aliyeutuma, faraghani.