Kumaliza dawa ya kifua kikuu kilicholala

Kifua kikuu kilicholala si ugonjwa, na shida yote ya kumaliza dawa yake inaanzia hapo. Mtu amevuta hewa yenye vijidudu vya TB, kinga ya mwili ikavizingira, vikabaki hai lakini kimya. Hakohoi, hatoki jasho usiku, hakondi, haambukizi mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wa dunia wamewahi kuambukizwa. Kati ya watu 100 wa namna hiyo, 5 hadi 10 wataugua siku moja. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye VVU na watoto wa chini ya miaka 5, ndiyo maana hao hutangulizwa kupewa dawa ya kinga.

Chukua nyumba moja ya mbao kule Ndosho, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo. Baba amekutwa na TB ya mapafu. Reko, yaani mhudumu wa afya wa mtaani, amepita, ameandika watoto, na yule wa miaka 3, baada ya kuchunguzwa na kuonekana hana dalili, amepewa isoniazidi na rifampisini: vidonge vya kuyeyusha majini, kila siku, miezi 3. Siku chache tu, mkojo wa mtoto unageuka rangi ya chungwa. Hiyo ni kawaida ya rifampisini, lakini kama mama hakuambiwa, atajuaje? Bibi naye anauliza: "Mtoto anakimbia, anakula vizuri, mnamnywesha dawa ya nini?"

Swali la bibi lina akili. Anayekohoa damu huiona dawa ikimrudisha kazini. Huyu mtoto hakuwa na maumivu, kwa hiyo hakuna nafuu ya kuonekana. Kinachoonekana ni mkojo wa ajabu na labda kichefuchefu. Mama akikosa jibu, chupa inapanda juu ya kabati.

Kwa waganga (Goma mganga ni yule wa kituo cha afya) neno "kumaliza" lina hesabu yake. Njia ya zamani ni isoniazidi peke yake kila siku, miezi 6 au hata 9. Nyingine ni isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, wiki 12. Aliyemeza mara 11 ndani ya wiki 16 huhesabiwa amemaliza. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, asilimia 82 ya waliopewa njia ya wiki 12 walimaliza, dhidi ya asilimia 69 ya wale wa miezi 9. Ila tuseme kweli: wale wa wiki 12 walimeza mbele ya mhudumu, wenzao walimeza nyumbani.

Wengine hupotea hata kabla ya kidonge cha kwanza. Kipimo cha ngozi, cha kujua kama mtu ameambukizwa, humtaka arudi baada ya saa 48 hadi 72 mkono wake usomwe, na mama muuza ndizi siku hiyo yuko sokoni. Dawa ni ya bure. Moto, yaani pikipiki, ya kumpeleka kituoni si ya bure. Tena akionekana kwenye foleni ya wagonjwa wa TB, jioni mtaa mzima umeshampa ugonjwa asiokuwa nao.

Kwa watu wazima kuna ini. Isoniazidi inaweza kuliumiza, na pombe huongeza hatari, iwe bia au kasiksi. Inaweza pia kuleta ganzi ya miguu, nayo huzuiwa kwa vitamini B6. Rifampisini na rifapentini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo mwanamke anapaswa kulisikia mapema, si baada ya mimba.

Halafu kuna kukimbia, na hapa Goma haifanani na miji mingi. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye mitaa kumi ikaamriwa kuhama. Januari 2025 vita viliingia mjini. Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Fishi, yaani kadi ya matibabu, inabaki ukutani, na kituo cha huko anakofikia hakina jina lake. Ila kama chupa ya dawa imesalia mfukoni, aende nayo: vidonge vilivyobaki vinahesabika, na mganga ataamua kama ni kuendelea au kuanza upya.