Somo la simulesheni huanza zoezi linapokwisha

Taasisi nyingi zinaponiita nizisaidie kuanzisha mafunzo ya simulesheni, yaani mazoezi ya kuigiza hali halisi ya kazi, mazungumzo huanzia kwenye vifaa: tununue miwani ipi ya uhalisia pepe, mwanasesere yupi wa kuigiza mgonjwa, programu ipi. Mimi huomba tuanzie kwingine. Mshiriki akishamaliza zoezi, nani atakaa naye walizungumze, kwa muda gani, na huyo mtu ameandaliwa vipi? Pasipokuwa na jibu, vifaa vitawasisimua watu wiki chache, kisha vitabaki vinakula vumbi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Houston, Julai 1969, wiki chache tu kabla ya Apollo 11 kutua mwezini. Timu ya Gene Kranz, mmoja wa wakurugenzi wa safari wa NASA, ilikuwa ikifanya zoezi la kutua, na waandaaji wakapenyeza tahadhari ya kompyuta ya chombo: namba tupu, bila maelezo. Steve Bales, kijana wa miaka 26 aliyekuwa kwenye dawati la mfumo wa uongozaji, hakuijua maana yake, akashauri kutua kusitishwe. Ikasitishwa. Kwenye kikao cha tathmini, msimamizi wa simulesheni, Dick Koos, akawaambia bila kuzunguka kwamba hawakuwa na sababu ya kusitisha, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imelemewa lakini kazi muhimu bado ilikuwa inazifanya. Kranz akaagiza tahadhari zote zichambuliwe, na mhandisi Jack Garman akaziandika kwenye orodha kwa mkono wake. Tarehe 20 Julai, Eagle, chombo cha kutulia mwezini, ikiwa inashuka kweli, tahadhari ya 1202 ikatokea. Garman akaitambua, Bales akasema waendelee, na chombo kikatua.

Zoezi lenyewe liliishia kwenye uamuzi usio sahihi. Kama watu wale wangeinuka na kwenda zao, wangekuwa wamejifunza kwamba ukiona namba usiyoijua, unakimbia. Kilichowaokoa ni kikao.

Kwenye mafunzo ya wahudumu wa dharura, ambako ndiko ninakofanya kazi zaidi, jambo hili hujirudia kwa sura ndogo ndogo. Mwanasesere anapoteza mapigo ya moyo, kiongozi wa timu anasema, “Adrenalini, miligramu moja,” huku macho yake yako kwenye skrini. Kila mtu amesikia, na kila mmoja anadhani mwenzake anaichukua. Dakika zinapita na dawa haijachomwa. Ndani ya zoezi hakuna anayeliona hilo. Tukikaa baadaye, siwaambii kwamba wamekosea. Nawarudishia video mpaka pale, nasimamisha, kisha namuuliza kiongozi: “Hapa uliamini nani ameipokea amri yako?” Kimya kinachofuata kina thamani kuliko hotuba yangu yoyote. Kwa kawaida wenyewe ndio hupendekeza suluhisho: mtaje mtu kwa jina, naye arudie amri, na akishatekeleza aseme.

Ndiyo maana mimi hupanga kikao kiwe kirefu sawa na zoezi au kulishinda. Muda ukibana, nafupisha zoezi.

Kuhusu uhalisia, watu wengi hudhani simulesheni nzuri ni ile inayofanana na dunia kwa kila kitu. Mashine ya Edwin Link, aliyoitengeneza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, inatoa funzo jingine. Link alikulia kwenye kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda, akachukua mivukuto na pampu za huko kukitikisa na kukiinamisha chumba kidogo cha rubani. Rubani alipofunikiwa ndani hakuona mbingu wala ardhi. Alikuwa na usukani na saa za ndege tu, yaani vipimo vya kwenye dashibodi. Na hicho ndicho kilichohitajika. Mwaka 1934 marubani wa jeshi walipokabidhiwa kazi ya kusafirisha barua na kufa katika hali mbaya ya hewa, upungufu wao mkubwa ulikuwa kuruka kwa kutegemea saa, si kuangalia mandhari. Jeshi likanunua mashine hizo. Kinachopaswa kufanana na kazi halisi ni uamuzi anaotakiwa mtu kuufanya, pamoja na dalili anazozitegemea kuufanya. Mengine ni mapambo, na wakati mwingine mapambo huiba macho ya mwanafunzi.

Michezo ya kompyuta inanipa wasiwasi wa aina yake, kwa sababu mchezaji hujifunza kile kinachompa pointi. Tengeneza mchezo wa kuzima moto unaokata pointi kwa kila sekunde inayopita, na utapata watu wanaoukimbilia moto bila kuangalia mlango wa kutokea uko upande gani. Nikiletewa mchezo wa namna hiyo niukague, kabla ya kutazama picha naulizia mfumo wa alama. Kisha nauliza kama programu inahifadhi kila hatua ya mchezaji: alikotazama, alichogusa, alichokiacha, kwa mpangilio wa muda. Isipohifadhi hayo, mwezeshaji hana cha kurudi nacho kwenye kikao, na mimi sipendekezi inunuliwe, hata kama picha zake zinapendeza namna gani.