Mzigo Uko Njiani: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

“Usafirishaji ni meli na malori tu.”
Chombo ndicho kinachoonekana, lakini hasara nyingi huja mzigo ukiwa umesimama. Jina la mpokeaji likikosewa kwenye hati ya shehena, kontena linaweza kulala bandarini huku gharama za hifadhi zikipanda kila kukicha. Na kontena lenyewe halikuleta mapinduzi kwa kwenda mbio. Ideal-X, meli iliyofungua enzi ya makontena ilipong'oa nanga Newark kuelekea Houston, Marekani, tarehe 26 Aprili 1956 ikiwa na makontena 58, ilikuwa meli kuukuu ya mafuta iliyofanyiwa marekebisho. Kilichookolewa ni muda na jasho la kupakia na kupakua kifurushi kimoja kimoja.

“Nimenunua kwa CIF, hivyo mpaka mzigo ufike ni shauri la muuzaji.”
Hii ndiyo inayowaumiza watu zaidi, maana nusu yake ni kweli. CIF ni bei inayojumuisha bidhaa, bima na nauli: muuzaji hulipa nauli ya meli na bima hadi bandari mliyokubaliana. Hatari, hata hivyo, inakuwa ya mnunuzi tangu mzigo unapopakiwa melini kule ulikotoka. Bidhaa zikiharibika baharini, bei unadaiwa yote, na wa kumdai fidia ni kampuni ya bima. Bima gani sasa? Incoterms 2020, kanuni za kimataifa zinazogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, zinamtaka muuzaji akate ile ya kiwango cha chini tu, ambayo haifidii wizi wala kontena lililosombwa na mawimbi. Ukitaka kinga pana zaidi, iandikwe kwenye mkataba. Ajabu ni kwamba wengi huisoma bima siku mzigo ulipopotea.

“Mzigo mwepesi, nauli nyepesi.”
Si kwa ndege. Meta moja ya ujazo huhesabiwa kwa kawaida kama kilo 167, kwa hiyo sponji za kilo 30 zinazojaza nafasi hiyo hulipiwa kilo 167. Punguza ukubwa wa boksi kabla ya kubembeleza bei.

“Ghala likiwa tupu, kazi inaendeshwa vizuri.”
Toyota, waliojulikana kwa kuagiza vipuri pale tu vinapohitajika, walibadili msimamo kuhusu chipu za elektroniki baada ya tetemeko la ardhi la Machi 2011 nchini Japani: wasambazaji wakatakiwa kuweka akiba ya miezi kadhaa. Uhaba wa chipu wa 2021 ulipoanza, walihimili muda mrefu kuliko washindani wengi, ingawa Septemba mwaka huo nao walilazimika kupunguza uzalishaji.