Je, wajua kwa nini baba wa Dar anafika nyumbani mtoto kashalala? Foleni ni nusu tu ya jibu

Ukiangalia ratiba za wababa wengi wa hapa mjini zimekaa vizuri tu. Saa 12 asubuhi kutoka, saa 2 kazini, saa 11 jioni kufunga kompyuta, saa 12 na nusu nyumbani, kucheza na mtoto, kuangalia homuweki, kula, kulala. Kwenye karatasi imenyooka kabisa. Halafu Jumatatu inafika, jamaa anagonga geti saa 2 na nusu usiku, begi la shule lishapangwa la kesho, mama watoto anamwambia mtoto alikuwa anakusubiri hapo kwenye kochi mpaka usingizi ukamchukua. Jumanne hivyo hivyo, na ikifika Alhamisi mtu kashakata tamaa anasema mjini hapa haiwezekani, tutaonana wikiendi.

Lawama zote zinaenda kwa foleni. Foleni ipo, nani atabisha, ila ratiba yenyewe ilikuwa mbovu toka inaandikwa kwa sababu ilianzia kazini ikaenda mbele, mtoto akawekwa mwishoni ale makombo ya muda. Ratiba ya mtu mwenye mtoto inatakiwa ianzie muda mtoto anaolala, halafu uhesabu kurudi nyuma. Ukifanya hivyo mara ya kwanza utashtuka kidogo.

Twende na hesabu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5, humo wa miaka 3 na 4 wameandikiwa masaa 10 mpaka 13 ya kulala kwa siku, ukijumlisha na ule usingizi wa mchana. Kwa wakubwa kidogo, wa miaka 6 mpaka 12, madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 masaa 9 mpaka 12. Sasa mchukue mtoto wa darasa la pili anayekaa Mbezi au Chanika, basi la shule linampitia saa 11 na nusu alfajiri maana ndio wa kwanza kwenye ruti, kwa hiyo anaamshwa saa 11. Rudi nyuma masaa 9 unapata saa 2 usiku, na hicho ni kiwango cha chini kabisa, sio cha kujivunia. Wa chekechea anayeamshwa muda huo huo, kama shuleni halali mchana, masaa 10 kurudi nyuma ni saa 1 usiku. Saa 1! Hapo wewe ndio kwanza uko Ubungo unahesabu taa za breki za gari la mbele.

Kwa hiyo kwa mtoto mdogo wa pembezoni mwa mji, baba anayetoka Posta saa 11 jioni na mtoto aliyelala vya kutosha hawawezi kukutana jioni siku za kazi. Sio kwamba baba hajali. Masaa yenyewe hayapo. Na zile nyumba ambazo wanakutana kila usiku, mara nyingi mtoto ndiye anayelipia kwa usingizi wake, anakeshwa mpaka saa 4 ili amuone baba halafu saa 11 anaburuzwa kitandani analia, darasani anasinzia, mwalimu anaandika kwenye daftari hayuko makini.

Kwanini njia ya kurudi ni ndefu hivyo? Mji umejengwa kama mkono, barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa zote ni vidole vinavyokutana kwenye kiganja kimoja, Posta na Kariakoo, kazi nyingi ziko hapo na watu wanazidi kuhamia kwenye kucha. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 mkoani, ya 2022 ikawakuta 5,383,728, yaani ongezeko la zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, na wengi wamepata viwanja huko Goba, Bunju, Chanika, Kigamboni, sio Upanga. Mwendokasi ilianza 2016 kwa ruti ya Kimara, flaiova ya TAZARA ikafunguliwa 2018, ya Ubungo 2021, zote zimesaidia, ila asubuhi watu wote wanaingia na jioni wote wanatoka, kwa muda ule ule.

Na hapo inaingia nusu ya pili ya jibu, ambayo iko kichwani mwetu. Muulize baba yeyote wa Mbagala inachukua muda gani kufika nyumbani kutoka mjini, atakwambia dakika arobaini na tano. Atakupa muda wa ile siku moja ya sikukuu barabara ilipokuwa nyeupe. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika juu ya tabia hii mwaka 1979, kwamba mtu akipanga anaifikiria kazi itakavyoenda kama hakuna kitakachokwama, hata kama kila siku kinakwama. Mwaka 1994 watafiti wengine waliwauliza wanafunzi wa chuo watamaliza lini utafiti wao wa mwisho, kwa wastani wakasema siku kama 34, wakaja kumaliza kwa siku kama 55. Dawa yake ni rahisi na inaumiza: usijiulize leo nitafika saa ngapi, jiulize wiki iliyopita nilifika saa ngapi. Fungua simu angalia meseji za "niko njiani" ulizotuma na muda uliogonga geti. Huo ndio muda wako, huo mwingine ni dua.

Kuna mtu atasema sawa, mimi natafuta hela, ada nalipa, kwani lazima nimuone kila siku? Swali la haki. Ila kuna jambo wengi hawalijui na utafiti wake ulifanyika hapa hapa Tanzania. Mwaka 2009 Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao walichapisha matokeo waliyoyapata kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na majirani zao Wadatoga. Kwa Wahadzabe baba anambeba mtoto, anakaa naye, anashiriki sana malezi, kwa Wadatoga ambao ni wafugaji mtoto mdogo ni kazi ya mama. Walipopima homoni ya kiume, testosteroni, wababa wa Kihadzabe walikuwa nayo kwa kiwango cha chini kuliko wanaume wenzao wasio na watoto, kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Miaka miwili baadaye utafiti wa Ufilipino ukawafuatilia wanaume walewale kabla na baada ya kupata mtoto, ikaonekana homoni inashuka, na waliokuwa wanatumia masaa 3 au zaidi kwa siku kulea walikuwa chini kuliko ambao hawajihusishi. (Sio ugonjwa jamani, msianze maneno kijiweni.) Maana yake ni kwamba mwili wa baba unaenda na ule muda wa kushika mtoto, na risiti ya ada haiwezi kufanya kazi hiyo.

Haya, unapangaje sasa. Ukishapata saa ya mtoto kulala, weka alama saa moja kabla yake, hiyo ndio saa ya kuoga, kula na stori. Ukiona haiwezekani kabisa uwepo siku za kazi, acha kuipigania, hamia asubuhi. Naona asubuhi ndio silaha ya baba wa Dar na hatuitumii. Jioni inategemea mvua, lori lililokufa Kimara, bosi aliyekumbuka kikao saa 10 na nusu. Saa 11 alfajiri hakuna bosi anayekupigia. Na mara nyingi tayari uko macho, tofauti ni kwamba unaoga na kuondoka kimya kimya kama mwizi ili usimuamshe mtu.

Badala yake mchukue yeye uwe naye. Mama apumzike au ashughulike na mdogo, wewe ndio unamimina chai kutoka kikombe hiki kwenda kile mpaka ipoe, yeye kakaa kwenye kigoda na soksi moja, nyingine haionekani, na hapo ndipo anapokumbuka kukusimulia kwamba jana Zai aling'oka jino akalificha kwenye mfuko wa sketi na mwalimu hajui mpaka leo. Stori hiyo jioni usingeipata, mtoto aliyechoka ukimuuliza shule vipi anajibu "poa" basi. Halafu mnatoka wote mpaka kituo cha basi la shule, giza giza, mkono mkononi. Ukijumlisha ni nusu saa au zaidi kidogo kila siku ya shule, na haiahirishwi.

Ila asubuhi ina bei yake, nayo ni usiku wako. Mtu mzima anahitaji masaa 7 angalau. Ukiamka saa 10 na nusu maana yake saa 3 na nusu uwe umelala, ukishaangalia taarifa ya habari ya saa 2 ule ubishi wa Simba na Yanga kwenye grupu la WhatsApp uwaachie wenye usiku mrefu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, sio kwenye foleni.

Kwa wanaofika mapema kidogo, labda mnakaa Sinza au Kinondoni, tumieni jua. Dar tuko karibu na ikweta, mwaka mzima jua linazama kati ya saa 12 na dakika kumi hivi na saa 1 kasoro dakika kumi, halihami sana kama Ulaya. Adhana ya magharibi basi ni kengele ya bure ambayo mtaa mzima unaisikia, Mwislamu au Mkristo. Ikilia, mpira unaisha, beseni linatolewa. Mtoto habishani na adhana kama anavyobishana na baba.

Na ukishafika, fika kweli. Mtafiti mmoja, Sophie Leroy, alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla hajamaliza, sehemu ya akili inabaki kule. Ndio maana unamuona baba kakaa na mtoto mapajani, macho yako kwenye katuni, mawazo yako kwenye oda ya mteja. Baadaye alikuja kuonyesha na mwenzake kwamba ukiandika kabla ya kuondoka umeishia wapi na utaanzia wapi, akili inaachia. Dakika moja tu kwenye daftari, ukiwa bado mezani kwako.

Hayo yote ni ya mtu wa ofisini, na Dar nusu ya wababa ninaowafahamu hawana ofisi. Bodaboda hela yake iko asubuhi mpaka saa 3 na jioni kuanzia saa 11, ukimwambia awe nyumbani saa 1 usiku umemwambia asile. Lakini kuanzia saa 5 mpaka saa 9 kijiweni wanacheza drafti. Kama ana mtoto ambaye hajaanza shule, hiyo ndio saa yake, mtoto yuko macho, bibi au dada wa kazi apumzike, baba amlishe mchana huo. Mlinzi wa shifti ya usiku naye anaweza kumpokea mtoto akitoka shule. Mwenye duka Kariakoo ndio mgumu zaidi, huyo atafute siku moja kijana wa dukani afunge yeye, iwe siku ileile kila wiki, maana siku isiyojulikana huwa haifiki.

Mwajiriwa ana kitu kimoja cha ziada na wengi hawakijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki. Watu wanajua zile siku za baba, angalau 3 za malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, wachache wanajua kuna angalau 4 za malipo mtoto akiumwa. Na karibu hakuna anayejua kwamba sheria hiyohiyo inaruhusu kuibana wiki: mnaweza kukubaliana ufanye mpaka masaa 12 kwa siku pamoja na muda wa kula, bila ovataimu, mradi wiki isizidi siku 5 na masaa 45. Ukitoa saa ya kula, siku 4 za namna hiyo ni masaa 44. Kama Jumatatu mpaka Alhamisi mtoto unamkuta kalala hata hivyo, si bora ukae kazini mpaka foleni iishe, halafu Ijumaa uwe wa kwanza getini pale shuleni? Mabosi wakubwa haiwahusu, na ofisi nyingine zitakataa kwa sababu za maana kabisa, kaunta haiwezi kukaa bila mtu. Ila kwenda kwa afisa rasilimali watu na pendekezo lenye masaa yaliyojumlishwa ni tofauti na kwenda kuomba huruma ya kutoka mapema. Na makubaliano hayo sheria inataka yawe ya maandishi, kwa hiyo usiridhike na "sawa, tutaona" ya kwenye korido.